Mboga za Chini ya Kilima cha Mgodi

Likasi, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Carmel,

Pokea salamu zangu na za Orpha. Barua hii anakuletea Khatibu, yule dereva Mtanzania anayeshusha shaba mpaka kwenu. Ni mtu wa kuaminika. Mpe chakula, kisha umpe jibu. Mambo haya sitaki kuyasema kwenye simu. Mimi napigia dukani kwa watu, wewe unapokelea simu ya mumeo Jacques, na kabla sijamaliza kusema mtaa mzima unajua.

Tabia jirani yangu amejifungua wiki iliyopita. Unamkumbuka, yule tuliyekuwa tukisukana naye nywele kando ya ukuta wa reli. Mtoto hakulia. Mdomo ulikuwa umepasuka mpaka puani, na mgongo ulikuwa wazi. Tulimzika siku ile ile, wanawake peke yetu, kwa sababu baba yake hakutaka kutazama. Si wa kwanza mtaani petu.

Mto hungeutambua. Mvua ikinyesha, kiwanda kinafungulia maji yake machafu yachanganyike na ya mvua, na sisi huku chini tunaona rangi inabadilika, mara kijani, mara kama kutu. Samaki wanaelea tumbo juu. Na tunafua humo humo, tunaoga humo humo, maana bomba limekauka na hakuna anayekuja kulitengeneza.

Sasa neno langu. Orpha ana miaka kumi na mitatu, karibu atakuwa mwanamke. Nikimtazama, namwona Tabia. Mchukue, Carmel. Atakusaidia na mwanao Glody, atasoma, atakunywa maji ya watu. Ni mzima, hana tatizo lolote. Tangu mume wangu Emery afe sijakuomba kitu. Hiki nakuomba.

Dada yako,
Brigitte


Bellevue, Johannesburg, 2 Machi 2025

Yaya Brigitte,

Dada yangu mkubwa, nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, na Khatibu ananitazama, nikashindwa hata kumkaribisha. Mwambie Tabia nimelia naye.

Orpha aje. Jacques nimemwambia, akasema, "Mtoto wa Yaya ni wangu, kwa nini unaniuliza?" Unamjua alivyo. Bado analinda geti kule Sandton kwa matajiri, anatoka giza na kurudi giza. Chumba chetu ni kile kile, ndani ya nyumba kubwa ya zamani waliyoikatakata kwa mbao, lakini kina dirisha. Orpha atalala upande wa dirisha.

Nina habari nzuri ya kukupa. Nimeacha kusuka nywele barabarani, nimepata shamba! Kusini mwa jiji kuna vilima vya manjano, ni mchanga uliotolewa kwenye migodi ya dhahabu ya zamani, mkubwa kama milima ya kweli. Chini ya kilima kimoja kuna kijito, na kando ya kijito kuna wamama wanaolima. Mkubwa wao anaitwa MaRadebe, mama wa Kizulu mwenye sauti ya kanisani. Alinionyesha kipande kilichojaa magugu akasema, "Safisha, lima, usigombane na mtu." Nimepanda lengalenga, ule mchicha wetu, na matembele. Yaya, zinaota kama zimetumwa! Nakwenda kuziuza soko la Yeoville, na wamama wa Kikongo na wa Burundi wananipokonya mikononi. Wanasema wamechoka kula spinachi ya dukani isiyo na ladha.

Glody yuko vizuri. Miaka mitano sasa, anajifanya mkubwa, anachagua chakula. Nakwenda naye shambani, anacheza kwenye tope mpaka simjui ni wa rangi gani.

Maji hapa yanatoka bombani, ingawa kuna siku hayatoki. Orpha atakuwa mzima. Usiogope.

Mdogo wako,
Carmel


Likasi, 23 Machi 2025

Carmel wangu,

Mungu akuzidishie. Nimemsomea Orpha barua yako na amenitaka nirudie pale pa dirisha. Ameanza kuwaaga wenzake shuleni kana kwamba anaondoka kesho.

Lile shamba limenifurahisha kuliko yote. Hapa kwetu hatuthubutu tena kula mboga ya kando ya mto. Ukiikata shina lake lina weusi ndani. Wewe umepata udongo safi, ushike. Mpe Glody lengalenga kila siku, hata akichagua, mlazimishe, inaongeza damu. Na Orpha akifika mpe hivyo hivyo. Yeye anapenda sombe ya majani ya muhogo zaidi lakini atazoea.

Mama Murielle, yule mfanyabiashara wa vitenge, anashuka huko mwezi wa tano kwa basi. Amekubali kumchukua na kupita naye mipakani. Mimi nitamshonea Orpha sweta. Wanasema baridi yenu inaingia mifupani.

Brigitte


Bellevue, 13 Aprili 2025

Yaya,

Usimlete Orpha. Tafadhali subiri kwanza.

Walikuja watu wa chuo kikuu shambani. Walikuwa wamevaa glovu ndefu, wakachota maji ya kijito kwenye chupa, wakachimba udongo, wakakata na mboga zetu. Wiki hii walirudi na kutukusanya. Msichana mmoja wao alisema kijito kile kinapita chini ya kilima cha mgodi na kuzoa yaliyomo. Alitaja aseniki, urani, na madini mengine yenye sumu, majina nimeyasahau. Akasema mizizi inayanywa pamoja na maji na majani yanayahifadhi. MaRadebe akamwambia, "Sisi tunaosha mboga zetu." Yule msichana akajibu kwa adabu kabisa, "Mama, sumu haiko juu ya jani. Iko ndani." Akasema hata lile vumbi la manjano linalopeperuka mwezi wa nane ni hatari, watoto wasilicheze.

Wamama walikasirika. Walisema ni mbinu ya kuwafukuza ili pajengwe nyumba za matajiri, kwa sababu imewahi kutokea. Mimi nilirudi peke yangu siku iliyofuata, nikang'oa kila kitu. Lengalenga ilikuwa imefika kiunoni. Nilipanga nikaichome, lakini jioni ilinikuta nikaiacha imelundikwa pale. Nilipokwenda na kiberiti, lundo halikuwepo. Niliikuta Yeoville, imefungwa vifungu vizuri, inauzwa.

Kwa hiyo sina shamba, na sijui nitarudi kufanya nini. Siyo wakati mzuri wa kumpokea mtoto. Nipe muda.

Carmel


Likasi, 4 Mei 2025

Carmel,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta ukweli ndani yake.

Mimi ndiye niliyekuandikia kuhusu mto. Mimi ndiye niliyekwambia mboga zetu zina sumu. Sasa wewe umeyachukua maneno yangu, umeyageuza, unanirudishia kama habari za kwenu! Johannesburg, mji wa watu wenye pesa, wenye hospitali na magari, nao wanywe maji kama ya Likasi? Kama ungesema, "Yaya, chumba ni kidogo," ningeelewa. Kama ungesema, "Jacques amekataa," ningeelewa na hilo. Lakini kuchukua msiba wa Tabia na kunitengenezea uongo, hapana. Mama yetu hakutulea hivyo.

Unasema siyo wakati mzuri. Wakati mzuri ni upi? Orpha avunje ungo hapa, aolewe hapa, azae kama Tabia, ndipo upate wakati?

Nimeshamaliza. Barua hii anakuletea Orpha mwenyewe. Anasafiri na Mama Murielle. Ukimrudisha, umrudishe wewe kwa mkono wako.

Brigitte


Bellevue, 25 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Nimefika. Safari ilikuwa ndefu na miguu yangu ilivimba, lakini Mama Murielle alinilinda vizuri mipakani. Askari walipouliza alisema mimi ni binti yake. Sweta yako nimeivaa siku zote. Hapa kuna baridi kweli.

Mama, sijui barua ile uliyonipa ilisemaje, lakini Mama Mdogo aliisoma akakaa chini sakafuni. Hakulia kwa sauti. Baba Jacques alimuuliza, "Yaya anasema nini?" Akajibu, "Anasema mimi ni mwongo." Basi Baba Jacques akasema, "Si ungemwambia habari za mtoto?" Mama Mdogo akamwambia anyamaze, mimi niko pale. Lakini nimeshayaona, kwa hiyo nakuambia.

Glody hasemi. Nilifikiri ananionea haya kwa sababu mimi ni mgeni. Baba Jacques aliniambia zamani alikuwa anasema Kiswahili, Kiingereza na Kizulu cha watoto wa nje, maneno mengi, mpaka wakawa wanamwambia anyamaze. Sasa akitaka maji anavuta nguo. Tumbo linamuuma, anajikunja, haendi chooni. Ni mwembamba, midomo imepauka. Akitembea anajigonga kwenye mlango kama haoni pembeni. Ananipenda lakini, analala mkononi mwangu.

Mama Mdogo alimpeleka kliniki mara mbili. Getini walisimama watu wasio manesi, wakasema anayetaka kuingia aonyeshe kitambulisho cha hapa. Walimsukuma. Alirudi naye mgongoni mpaka nyumbani.

Jumamosi tulikwenda soko la Yeoville, Mama Mdogo anasuka nywele tena, pale karibu na robot, taa za barabarani, mimi namshikia vitana. Mama mmoja mnene alikuja na wenzake wakaanza kumfokea. Nilielewa ni huyo MaRadebe. Mama Mdogo alikuwa amewaambia wateja wasinunue mboga ya kutoka kijitoni, na wateja wakawa wanauliza kila kifungu kimetoka wapi, na wengine wakaacha kununua kabisa. Nilimuuliza Mama Mdogo, "Amesema nini?" Akasema, "Amesema alinipa udongo bila kuniuliza pasipoti, nami nimemlipa kwa kumharibia jina. Amesema nirudi kwetu." Halafu akachukua kitana akaendelea kusuka. Alisuka kwa kukaza mpaka yule mteja akasema, "Eish, mama, unanivuta."

Usimkasirikie, mama. Si mwongo.

Mwanao,
Orpha


Bellevue, 8 Juni 2025

Yaya wangu,

Orpha ameniambia amekuandikia, na aliyokuandikia ni kweli yote. Sikukuambia kuhusu Glody kwa sababu ulikuwa umetoka kumzika mtoto wa Tabia, na ulikuwa unaniambia hapa ni mahali salama, na nilitaka pawe salama. Kila barua nilianza kukuandikia nikaacha. Halafu ukanilazimisha nimpe lengalenga kila siku. Nilikuwa nampa, Yaya. Asubuhi na jioni. Nilikuwa namfungua mdomo kwa vidole.

Jumatano mwili wake ulikakamaa akaanza kutupa miguu na mikono, macho yamegeuka. Jacques hakuuliza kliniki wala geti. Alimbeba, akasimamisha gari la mtu asiyemjua, wakaenda hospitali kubwa ya serikali. Daktari ni mama wa Kihindi, mpole. Walimtoa damu. Aliniita, nesi mmoja akanitafsiria kwa Kiswahili: ni risasi. Nikamwambia hakuna aliyempiga mwanangu risasi. Daktari akanishika mkono. "Siyo ya bunduki, mama. Ni madini. Inakaa kwenye damu, inaingia kwenye mifupa, na kwa mtoto mdogo inaingia kichwani." Akaniuliza mtoto anacheza wapi, anakula nini, kama anakula udongo. Nikamwambia yote. Aliandika bila kunigombeza, na hilo ndilo lililonivunja.

Wanampa dawa ya kuivuta itoke kwa mkojo. Nilimuuliza, "Atarudi kusema?" Akasema dawa inaiondoa kwenye damu, lakini iliyokwisha kuharibu kichwani hairudishwi na dawa. Tutangoja tuone. Nimekuwa nikimtazama usoni nijue anamaanisha nini, na nadhani najua.

Kuna mama mmoja wa Burundi, Joséline, alinunua matembele kwangu akiwa mjamzito. Nilikwenda kumwambia apime. Alinisikiliza na mtoto yuko titini, halafu akafunga mlango polepole. Sijui kama amekwenda.

Daktari anataka kila mtoto wa nyumbani apimwe. Orpha amekula hapa siku chache tu, na si mboga ile, lakini nataka kujua. Niruhusu.

Mdogo wako,
Carmel


Likasi, 29 Juni 2025

Carmel, mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Nilikuandikia maneno ambayo hata adui haandikiwi, na wakati nayaandika ulikuwa umembeba Glody mgongoni kutoka getini. Nimepiga magoti, lakini magoti yangu hayafiki huko. Mwambie Jacques anisamehe yeye kwanza, wewe utanisamehe baadaye ukiweza.

Nilikulazimisha nikiwa mbali. Hukuwa na kosa. Nani angejua?

Kuhusu Orpha, hapana. Usimpime. Alikuwa mzima alipoondoka, nilikuandikia hivyo. Ameondoka mapema, ametoka kwenye maji haya, imekwisha. Mtoto amechoka na safari, usimchome sindano bure. Daktari ashughulike na Glody. Orpha mwache asome.

Nakuomba sana, usimpime.

Brigitte


Bellevue, 20 Julai 2025

Yaya Brigitte,

Barua yako imefika wakati Orpha ameshapimwa. Daktari hakungoja, na mimi sikumkataza. Jibu limetoka. Nimekaa nalo siku kadhaa nikifikiria nisikuambie, lakini mara ya mwisho nilipokuficha jambo tuligombana, kwa hiyo nakuambia.

Risasi ya Orpha ni nyingi kuliko ya Glody. Na ana madini mengine pia, kobalti, kwa wingi ambao daktari alirudia kupima akidhani mashine imekosea. Akaniuliza, "Huyu binti ameishi Johannesburg tangu lini?" Nikasema tangu mwezi wa tano. Akaweka kalamu chini. "Basi haya hakuyapatia hapa. Amekuja nayo."

Orpha alikuwa amekaa kando yangu. Anajifunza Kiingereza haraka kuliko tulivyofikiri. Tulipotoka akaniambia kuwa huko nyumbani alikuwa anaanguka shuleni, na kichwa kinamuuma mpaka anatapika, na kwamba wewe ulimwambia asiniambie, nisije nikamkataa. Sikukasirika. Najua kwa nini. Mimi nami niliandika "Glody yuko vizuri."

Yeye ni mkubwa, mwili wake unastahimili kuliko wa Glody, daktari anasema. Asipoendelea kuyanywa na kuyala, mengi yatashuka polepole. Lakini yaliyomo mifupani hukaa miaka. Siku akipata mimba yanaweza kutoka mifupani yakamfikia mtoto, kwa hiyo ni lazima aseme hospitalini mapema kabisa, na apimwe tena na tena. Nilimuuliza daktari, "Atazaa watoto wazima?" Akasema wengi huzaa. Sikupenda lile neno "wengi."

Glody ametoka hospitali. Degedege halijarudi. Anakula. Hasemi.

Nijibu, Yaya. Hata kama ni kwa kunitukana, nijibu.

Carmel


Bellevue, 14 Septemba 2025

Mama,

Khatibu amekuja mara mbili bila barua yako. Mara ya kwanza nilifikiri umelichelewa lori. Mara ya pili nilimuuliza, "Mama yangu mzima?" Akasema amekuona kwa mbali, unatembea. Ndipo nikajua ni kunyamaza tu.

Mimi siumwi sana. Kichwa kimepungua. Naenda shule, wananiita jina lisilo langu kwa sababu langu linawashinda, lakini nina rafiki mmoja. Glody amejifunza kuonyesha picha akitaka kitu. Mwalimu wa watoto kama yeye anakuja kanisani kwetu Jumanne kutufundisha. Juzi Glody alicheka, kwa sauti, Baba Jacques alipopiga kichwa kwenye mbao za chumba. Tulicheka wote, halafu Mama Mdogo akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Nataka kukuambia jambo la MaRadebe. Alikuja nyumbani wiki iliyopita. Nilifungua mlango nikamwona, nikataka kuufunga. Alikuwa amembeba mtoto wa kike mgongoni kwa blanketi, mjukuu wake, mkubwa wa kutosha kutembea lakini miguu inaning'inia. Hakusema salamu. Alimwambia Mama Mdogo kwa Kiingereza, nami nilielewa yote: "Yule daktari wako anakaa wapi?"

Mama Mdogo alimtazama. Nilifikiri atasema, rudi kwenu. Alisema, "Keti kwanza, mama, umetoka mbali." Akachemsha chai. MaRadebe alikunywa bila kuvua viatu, anatazama sakafu, na mjukuu na Glody wakatazamana, wala hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kisha wakaondoka pamoja kwenda hospitali, Mama Mdogo mbele. Getini, yeye MaRadebe ndiye aliyesema na wale watu wa vitambulisho. Waliwapisha.

Mtoto amelazwa. Wamama wengine wawili wamekwenda kupima. Lakini bustani bado iko, mama. Nilipita na basi la shule nikaona kijani chini ya kile kilima cha manjano, na watu wameinama wanavuna. Mwanamke mmoja alimwambia Mama Mdogo, "Nitakula sumu kesho, lakini njaa ni leo."

Nataka kurudi nyumbani. Sitaki kusoma. Nataka kukuona. Niandikie nije na Khatibu.

Orpha


Likasi, 12 Oktoba 2025

Orpha mwanangu, na Carmel mdogo wangu,

Nawaandikia pamoja maana sina nguvu ya barua mbili.

Carmel, nilinyamaza kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliona mkono wangu ukimchotea Orpha maji akiwa mdogo, na kumwogesha, na kumwambia ameza, ni maji tu. Nilikuwa nimejua kitambo. Si kwa kupimwa. Mama anajua mtoto anapoanguka. Nilifikiri nikimpeleka mbali itabaki huku, kama nguo mtu anayoivua. Sasa unaniambia ameondoka nayo ndani.

Nilikwenda kiwandani. Nilisimama getini tangu asubuhi na Tabia kando yangu. Alitoka kijana mmoja mwenye kofia ngumu, akatusikiliza vizuri sana, akasema maji yao yanasafishwa kabla hayajatoka. Nikamwambia, "Basi njoo unywe." Akacheka kidogo kana kwamba nimetania, akarudi ndani. Mlinzi akatuambia tuondoke kabla hajawaita wenzake. Alikuwa mtoto wa mtaani petu. Hakututazama.

Nilikwenda pia kwa nesi wa zahanati. Alisema hana mashine ya kupima vitu hivyo, ila anaamini.

Mwisho nikawasomea wanawake barua zenu pale tunapofulia. Zote, na ile yangu ya kukutukana, Carmel, nilieleza niliandika nini. Walikaa juu ya mawe na mabeseni yao wakanisikiliza. Nilipofika kwenye daktari alipoweka kalamu chini, Tabia alifunika uso kwa kitenge. Nilipomaliza, mama mmoja mzee akauliza, bila hasira, alitaka kujua tu: "Sasa tukafue wapi?"

Kisima cha misheni kiko mbali, na mama mmoja mwenye baiskeli ndiye anayetuletea maji kwa madumu, yanatosha kinywa cha watoto tu. Hilo tumelipanga: maji ya kunywa watoto ni ya kisima, hata sisi tukikaa na kiu. Zaidi ya hapo hatujaweza.

Orpha, usirudi. Najua ninachokuambia. Kaa na mama yako mdogo, soma, pimwa kila wakikuita, na siku ukiwa na mimba sema mapema, hata ukiona haya. Usipande lori la Khatibu. Nimemwambia akikuona barabarani akurudishe. Ukitaka kuniona, mimi ndiye nitakayetafuta njia, siyo wewe.

Carmel, mwambie MaRadebe kuna wanawake huku wanaomwulizia mjukuu wake.

Jana ilikuwa siku yetu ya kufua. Tumeshuka mtoni kama kawaida, tumepandisha vitenge mpaka magotini, tumeingia. Watoto tumewaacha juu ukingoni na Tabia, amewashika mikono. Wanalia wanatutaka. Hatuwaruhusu kushuka.

Mama yako, dada yako,
Brigitte